Seti ya majaribio ya usambaaji wa gesi: bomba zuri, kijitabu kinachopotosha

Sanduku lilianza somo kabla sijalifungua vizuri. Nilipoinua kifuniko, karatasi nyekundu za litmasi (zile zinazogeuka buluu zikiguswa na amonia) zilizokusudiwa jaribio la kwanza zilikuwa zimeshageuka buluu, zote 50, humo humo ndani ya bahasha yao. Chupa ya amonia ilikuwa imelala ubavu. Kizibo kimekazwa, hakuna tone lililomwagika, sanduku kavu kabisa. Lakini mvuke ulipata mwanya pembeni mwa kizibo, ukatambaa sandukuni siku zote lilipokuwa safarini, ukaingia hadi kwenye bahasha. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14 ambaye ndiye niliyemnunulia, alichungulia akacheka: "Shangazi, si ndiyo yenyewe hii?"

Ndiyo yenyewe. Seti nzima imetengenezwa ili kuonyesha jinsi gesi inavyosambaa, na ilituonyesha bila kusubiri maelekezo. Nimeikata nusu nyota kwa uzembe huo wa kufungasha, ingawa moyoni nilikuwa natabasamu.

Niseme mimi ni nani, ili msomaji ajue maneno haya yanatoka wapi. Ni fundi wa maabara ya shule, mwaka wa 22 sasa. Kazi yangu ni kuandaa jaribio ambalo mwalimu atalionyesha, kukaa nyuma likifanyika, na kuosha vyombo wanafunzi wakiondoka. Jambo la pili: sina pua. Usoni ipo, ila kunusa kulipotea miaka sita iliyopita baada ya homa moja, na hakujarudi. Jaribio likisema "utasikia harufu", mimi sisikii kitu mpaka niazime pua ya mtu. Kumbuka hilo tukifika kwenye manukato.

Ndani ya sanduku kuna bomba la kioo la sentimeta 60 lenye vizibo viwili vya mpira, chupa ndogo ya amonia iliyozimuliwa, nyingine ya asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, pamba, koleo, hizo karatasi, kikombe cha udongo wa kuchoma kisichopakwa kitu cha kung'arisha, bomba jembamba lililopinda kama herufi U, maputo manne, mtungi mdogo wa heliamu, kichupa cha manukato na kijitabu cha kurasa 16. Kwenye jalada la kijitabu kuna picha maridadi ya wino ukisambaa ndani ya maji. Wino ndani ya maji si gesi. Ndani ya kimiminika molekuli zimebanana, na usambaaji huko ni wa polepole kuliko kwenye gesi mara 10,000 hivi. Lakini jalada ni jalada, tuendelee. Glavu na miwani ya kukinga macho vimo, vya saizi ya mtu mzima tu.

Jaribio la kwanza ndilo lililonifanya nisijute. Unalowanisha vipande vya litmasi nyekundu, unavibandika ndani ya bomba kwa umbali uliopimwa, unatia pamba yenye amonia upande mmoja, unaziba pande zote mbili, unaanza kuhesabu. Karatasi zao zilikuwa zimeharibika, tukatumia za akiba yangu. Bomba tulililaza juu ya karatasi nyeupe mezani, na nikamkataza kijana asiliguse, maana joto la kiganja tu linatosha kuichezesha hewa iliyo ndani.

Kipande cha sentimeta 5 kiligeuka kwa sekunde 11. Anaandika huku akibashiri: "Cha 10 kitageuka kwenye 22." Sekunde ya 22 ikapita, kimya. Ya 30, kimya. Kikageuka kwenye ya 43, kikianzia ukingo ule unaoitazama pamba, kwanza zambarau hafifu, halafu buluu ikatambaa mpaka ukingo wa pili. Cha sentimeta 20 kilichukua dakika 3 na sekunde 4. Cha 40 tulikaa nacho dakika 13 na ushee, mpaka kijana akaenda kunywa maji akarudi.

"Imechoka njiani," akasema.

Haikuchoka. Molekuli ya amonia kwenye joto la kawaida la chumba inakimbia kwa wastani wa mita 600 kwa sekunde, na inakimbia hivyo hivyo iwe mwanzo wa bomba au mwisho. Tatizo si mwendo, ni msongamano. Ndani ya hewa ya kawaida, molekuli haiendi hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimeta kabla ya kugongana na nyingine na kutupwa upande mwingine, na migongano hiyo ni mabilioni kila sekunde. Mfunge mtu kitambaa machoni, na kila anapopiga hatua mzungushe kabla hajapiga nyingine. Akishapiga hatua 100 utamkuta, kwa wastani, kama hatua 10 tu kutoka alipoanzia. Ukitaka umkute kwenye hatua ya 20, itabidi apige 400. Umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa mara nne. Rudi uangalie namba zetu: 11, 43, 184. Nimeandaa majaribio miaka yote hiyo, na mara chache nimeona namba zikitii hivyo kwenye kifaa cha kununua.

Kijitabu, kwa upande wake, kinaeleza kwamba molekuli "hupenda kwenda mahali penye nafasi". Hazipendi chochote. Hakuna kinachozivuta kwenda kule zilikopungua. Kila moja inagongwa ovyo, kulia sawa na kushoto. Ila upande wenye nyingi ndio wenye nyingi za kuvuka, upande wenye chache una chache za kurudi. Tofauti hiyo ya hesabu tu ndiyo tunayoiona kama gesi "inahama". Zikishalingana kote bado zinavuka kwenda na kurudi, ila sasa wanaokwenda ni sawa na wanaorudi, na sisi tunadhani zimetulia. Mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick aliiandika tofauti hiyo kwa hesabu mwaka 1855: kadiri mteremko wa wingi ulivyo mkali kati ya sehemu moja na nyingine, ndivyo gesi inavyovuka kwa wingi. Kijitabu kingeweza kuyasema hayo kwa sentensi mbili kikaachana na mapenzi.

Na swali la "imechoka" lina heshima yake. Mwaka 1857 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius alipoandika kwamba molekuli za gesi zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde, Mholanzi Buys Ballot alimrudi: kama ni hivyo, mbona moshi unaning'inia chumbani muda mrefu, mbona gesi hazichanganyiki papo hapo? Clausius alijibu mwaka 1858 kwa hoja ya migongano, ile ile ya mtu aliyefungwa kitambaa. Kijana alifurahi kusikia kwamba mtu mzima, tena msomi, aliwahi kukwama palepale alipokwama yeye.

Jaribio la pili kwenye kijitabu ni la pete nyeupe. Pamba ya amonia upande mmoja wa bomba, pamba ya asidi upande mwingine, na pale mivuke inapokutana inatokea pete ya moshi mweupe, ambayo ni kloridi ya amonia. Amonia ni nyepesi (uzito wa molekuli 17), asidi ni nzito (36.5), kwa hiyo pete hutokea karibu na upande wa asidi. Ni jaribio la kupendeza mno. Kwa seti hii halifanyi kazi.

Tulisubiri nusu saa. Tukarudia, pamba zikilowa zaidi. Hakuna pete, kuna ukungu wa maji tu kwenye kioo. Nilijua nilipoitazama ile chupa: asidi iliyozimuliwa hivyo haitoi mvuke wa asidi wa kutosha, inachotoa zaidi ni mvuke wa maji. Pete inataka asidi iliyokolea, na hiyo huwezi kuitia kwenye sanduku la kuchezea watoto, wala mimi sitaki itiwe. Sawa kabisa. Lakini basi jaribio lisiwekwe! Kuchapisha ukurasa mzima na picha ya pete, kisha kumpa mtoto asidi isiyoweza kuitengeneza, ni kumfundisha kwamba amekosea wakati hajakosea. Nimekata nyota nzima hapo.

Nililifanya mwenyewe kazini, kwenye kabati lenye feni ya kunyonya mvuke, kwa asidi na amonia zilizokolea, nikitumia bomba lao. (Usijaribu nyumbani. Mvuke wa asidi hiyo unachoma mapafu, na wa amonia iliyokolea hauko nyuma.) Pete ilitokea sentimeta 34 kutoka upande wa amonia na 26 kutoka upande wa asidi. Nilipiga picha, nikamletea kijana, akachukua kikokotoo. Kwa kanuni ya Thomas Graham, Mskoti aliyeitangaza mwaka 1833, kasi ya kusambaa inakwenda kinyume na kipeuo cha pili cha uzito: kipeuo cha 36.5 gawanya kwa 17 ni kama 1.46. Sisi tulipata 1.31. "Umekosea kupima, shangazi," akasema, kwa adabu lakini kwa furaha isiyofichika.

Sikukosea. Kanuni ya Graham katika sura hiyo rahisi ni ya gesi zinazopenya kwenye matundu madogo mno, au zinazobadilishana nafasi kupitia ukuta wenye vinyweleo. Bomba letu limejaa hewa, na hewa ndiyo inayogongana na zote mbili. Mgongano ukiingia, uzito wa hewa nao unaingia kwenye hesabu, na tofauti kati ya mwepesi na mzito inapungua. Uwiano kuwa chini ya 1.46 ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kijitabu kimeandika 1.46 bila neno la ziada, kwa hiyo hata mtoto ambaye angefanikiwa kuipata pete angeishia kujiona mzembe.

Sasa manukato. Ukurasa wa 9: fungua kichupa kwenye kona moja ya chumba, simama kona nyingine, hesabu sekunde mpaka usikie harufu, hivyo ndivyo molekuli zinavyosambaa kwa haraka. Kwa kuwa mimi sina pua, niliwaweka kijana na mama yake, wifi yangu, kila mmoja mita nne kutoka kwenye kichupa, mmoja kulia mwingine kushoto. Madirisha tumefunga. Kijana aliinua mkono baada ya sekunde 25. Wifi alikaa, akakaa, akaniuliza kama kweli nimekifungua, na akainua mkono karibu dakika mbili zilipotimia.

Hapo mtu mwenye pua angeandika "sekunde 25" akafunga daftari. Mimi nilikuwa nimesimama katikati sina la kunusa, nikajiuliza usambaaji unampendeleaje kijana. Nikawasha njiti ya kiberiti, nikaizima, nikaishikilia juu ya kichupa. Moshi haukupanda wima. Uliinama taratibu kuelekea alipo kijana, kama mtu anayeinama kusikiliza. Chumba kimefungwa, feni haizunguki, na bado hewa inatembea: ukuta mmoja una joto kuliko mwingine, watu watatu wanapumua na miili yao inapasha hewa iliyo karibu nao. Harufu haikutembea kwa miguu yake, ilibebwa.

Tukapiga hesabu. Molekuli nyingi za harufu ni kubwa na nzito, na uwezo wao wa kusambaa hewani ni kama 0.06 ya sentimeta ya mraba kwa sekunde. Amonia ni kama mara nne ya hapo. Ukichukua mraba wa umbali, ukagawanya kwa mara mbili ya namba hiyo, unapata makadirio ya muda. Sentimeta moja: sekunde 8. Mita moja: karibu siku nzima. Mita nne: zaidi ya wiki mbili. Pua ni kali na inashtuka kabla wingi wa molekuli haujafika, kwa hiyo upunguze muda huo kadiri utakavyo. Hutaufikisha kwenye sekunde 25.

Wazo lililofuata si langu, ni la kijana, na ndilo jaribio bora lililotoka kwenye sanduku hili ingawa halimo kwenye kijitabu. Aliosha lile bomba, akalikausha, akatia pamba yenye manukato yale yale upande mmoja, akaziba, akalilaza. Kila baada ya dakika kumi alifungua kizibo cha upande wa pili kwa uangalifu, akanusa, akaziba. Kwenye bomba jembamba lililolala, hewa haina nafasi ya kuzunguka kama chumbani. Harufu iliyokatisha mita nne za chumba kwa sekunde 25 ilichukua saa moja na dakika 40 kuvuka sentimeta 60. Na hapo naamini kule kufungua na kufunga kuliisaidia kidogo.

Ndiyo maana mapafu yamejengwa yalivyojengwa. Hewa unaivuta kwa misuli, inasafiri kwa mkondo mpaka karibu na vifuko vyake vya mwisho. Usambaaji unaachiwa kipande cha mwisho tu, na ukuta ambao oksijeni inauvuka kuingia kwenye damu hauzidi sana nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimeta. Kwa umbali huo usambaaji ni hodari. Kwa umbali wa chumba ni goigoi.

Kikombe cha udongo nakisifu kwa haraka kwa sababu hakina kasoro. Unakigeuza kifudifudi, unakiunganisha na bomba la U lenye maji ya rangi, unakifunika kwa mfuko uliojazwa heliamu. Maji yanasukumwa papo hapo, tena kwa nguvu; mara ya kwanza yalitumwagikia mezani. Heliamu (uzito 4) inaingia kwenye vinyweleo vya udongo mara 2.7 ya hewa (wastani 29) inavyotoka, basi ndani panajaa. Ondoa mfuko: maji yanarudi, yanapita mstari wa mwanzo, yanapanda upande wa pili, kwa sababu sasa heliamu inatoka haraka kuliko hewa inavyoingia. Hapa kanuni ya Graham iko nyumbani kwake. Habari yenyewe ilianza na chombo chenye ufa: mwaka 1823 Mjerumani Döbereiner alihifadhi hidrojeni kwenye chupa ya kioo iliyopasuka kidogo, iliyosimamishwa juu ya maji, akakuta maji yamepanda ndani. Na njia hii hii ya ukuta wenye vinyweleo ndiyo Marekani waliyoitumia kwenye kiwanda chao cha Oak Ridge wakati wa vita vya pili vya dunia kutenganisha aina mbili za urani, zikiwa katika gesi ambayo uzito wa molekuli zake ni 349 na 352. Tofauti ya kasi ni 1.0043 tu, kwa hiyo gesi ilibidi ipitishwe kwenye kuta hizo tena na tena, maelfu ya hatua. Kijana alitaka kujua kama kikombe chetu kinaweza. Nilimwambia aoshe vyombo.

Maputo ndiyo yaliyonikera. Kijitabu kinasema: jaza moja kwa heliamu, moja kwa hewa, moja kwa hewa ya ukaa, yaache usiku kucha; la heliamu litasinyaa zaidi, la hewa ya ukaa litabaki kubwa kwa sababu gesi yake ni nzito. Hewa ya ukaa tuliitengeneza kwa soda ya kuokea na siki, heliamu ikatoka mtungini. Kila puto tulilipima kwa uzi kiunoni, sentimeta 70. Asubuhi, baada ya saa 12: la hewa karibu vile vile, la heliamu 66, la hewa ya ukaa 52, limelegea, ngozi yake imerudi kuwa nene na rangi imekolea.

Kwa hiyo gesi nzito kuliko zote ndiyo iliyotoroka kuliko zote. Mwandishi wa kijitabu hakulijaza puto hata moja, hilo naweza kuapa. Mpira wa puto hauna matundu kama udongo. Gesi inayeyuka kwanza ndani ya mpira, inasambaa katikati ya mpira wenyewe, inatokea upande wa nje. Hewa ya ukaa inayeyuka kwenye mpira kwa urahisi sana, ndiyo maana uzito wake haukuizuia. Daktari John Kearsley Mitchell wa Philadelphia aliligundua jambo hili kwa maputo ya mpira mwanzoni mwa miaka ya 1830, kwa hiyo si habari mpya ambayo mtengenezaji angeikosa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Bomba, kikombe na vizibo ni vya kudumu, nimeshavitumia kazini mara mbili na mwalimu mmoja ameniomba nimwachie. Kijitabu nimekipiga mistari ya kalamu nyekundu karibu kila ukurasa. Ukinunua, ukifika tu nyumbani itoe chupa ya amonia uiweke mbali, isimame wima. Mimi nimeiweka rafu ya chini, ndani ya chupa kubwa zaidi yenye mfuniko wa kusokota, na karatasi mpya za litmasi nimeziacha sandukuni, rafu ya juu. Leo asubuhi nimezichungulia. Nyekundu zote, ila ya juu kabisa ina zambarau kidogo kwenye pembe moja, na kijana anasema ni macho yangu.